"Wametoka": Neno Nililoliandika Kabla ya Kulisikia

Wenzangu wa chumba cha redio, siku mliyoniaga kwa soda na saa ya ukutani mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya redio hizi za kidijitali. Nimechukua miezi minne, na si kwa uvivu. Kila nikianza, naandika vizuri juu ya betri na nyaya, kisha nafika kwenye Ijumaa moja na kuweka kalamu chini. Sasa nimeamua kuifikia na kuiandika. Mambo ya kazi mliyoyaomba mtayakuta humu, lakini nimeandika hasa kwa ajili ya jina la nyapara mmoja wa reli, Saide, ambalo nililiharibu mimi, na ambalo halijasafishwa mpaka leo.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumbani kwetu Quionga. Kireno changu ni cha redioni: namba, amri na samahani. Atakayetaka kumsomea mkubwa wa ofisi atafsiri, ila asipunguze kitu.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alimfuata baada ya miaka miwili. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nyuma yangu wapo Zainabu, Momade na mapacha wawili waliokuwa hawajaota meno yote. Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyeniambia niache. Arubaini ya mama ilipokwisha, asubuhi yake niliangalia nani atatwanga, nani atachota maji na nani atakwenda kufua nazi za watu, na wote hao nikaona ni mimi. Nilipofika miaka kumi na tisa, ndugu mmoja wa baba alinipeleka kusini, jimbo la jirani, mpaka mji wa bandari ambako reli inaanzia kwenda bara. Wadogo zangu niliwaacha kwa bibi mwaka mmoja, kisha nikawafuata, nikawaleta wote kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ufagio. Ya pili vilevile. Siku ya tatu karani alinikuta nikisoma kitabu cha treni kilichokuwa wazi mezani, akaniuliza kama naweza kuandika namba bila kukosea. Nikasema naweza. Akanisomea namba za mabehewa ishirini haraka haraka kama anayenifukuza, nikaziandika zote. Wiki ile ile niliwekwa mbele ya redio, na ufagio akapewa mwingine.

Redio yenyewe ilikuwa sanduku la chuma la kijivu, na spika yake ilitobolewa kwa msumari pale ilipozibwa na kutu. Ilikula betri mbili za gari. Mkononi unashika kipaza sauti chenye kitufe: ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Stesheni saba zilikuwa kwenye chaneli moja, pamoja na madereva wa treni na magenge ya matengenezo yaliyobeba redio za mkono. Akisema mmoja, wote wanasikia. Wakibonyeza wawili kwa pamoja, inatoka filimbi ya kukutoboa kichwa. Siku za mvua ilikoroma, na kwa mkoromo ule ule ulijua mtu yuko umbali gani: wa stesheni jirani alikoroma kidogo, wa bara alikoroma kama mzee aliyeshiba.

Aliyenifundisha ni Dona Lurdes, mwendeshaji wa stesheni iliyofuata kuelekea bara. Alinifundisha miezi saba kabla sijamwona uso. Nilidhani ni mama mnene mrefu kwa ile sauti. Nilipokutana naye, alikuwa mwembamba, ananifikia begani, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba na yeye alitarajia mtu mzima.

Sheria aliyonitia kichwani ilikuwa moja. Njia yetu ni reli moja tu, treni za kwenda na za kurudi zote zinapita hapo hapo. Kwa hiyo kipande cha kati ya stesheni mbili hakiingii treni mpaka kila aliyekuwa ndani yake atamke kwa mdomo wake kuwa ametoka. Anatamka, unarudia maneno yake, anakubali, unaangalia saa, unaandika kwa kalamu ya wino.

"Menino," aliniambia, kwa maana aliniita mtoto mpaka nikaota mvi, "unachokijua kiweke kichwani. Kitabuni andika ulichokisikia."

Kwenye kipande changu lilifanya kazi genge la Saide. Alikuwa mtu wa Mucojo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mpole, na mwenye mikono ambayo hata akishika kikombe cha chai ungedhani kitapasuka. Watu wake aliwatoa pwani, wengi ndugu zake, na mmojawao alikuwa Amisse, mtoto wa dada yake aliyeolewa kwetu Quionga. Amisse kabla ya reli alikuwa mkwezi wa minazi, na bado alikuwa na tabia ya kupanda chochote kilichosimama. Asubuhi walipita stesheni na kiberenge chao cha kusukuma, wakiwa na nyundo, mataruma na sufuria. Saide alinisalimu kwa adabu zote, akaniuliza hali ya wadogo mmoja mmoja kwa jina, ndipo akaomba njia. Kireno ndicho kilichotakiwa redioni, lakini sisi wawili tulijisahau mara nyingi, na Dona Lurdes akaingilia: "Watu wa pwani, mkimaliza kusalimiana mniamshe."

Ijumaa ilikuwa na mpango wake. Saide hakupitwa na swala ya Ijumaa. Ikifika saa sita na dakika kumi genge lilikuwa limeshanyanyua kiberenge nje ya reli, kisha anaita, "Bacar, tumetoka, tunakwenda kusali," nami ninaandika: wametoka. Ilikuwa hivyo Ijumaa zote, mvua na jua, kwa miaka. Treni ya mizigo ya mchana nayo ilikuwa inasubiri kwangu saa hizo hizo, dereva akipiga honi ya kuninong'oneza.

Sasa nafika pale ninapoweka kalamu chini kila mara.

Kwa miezi kadhaa kabla ya siku ile nilikuwa nimeanza kuandika mapema. Saa sita kasoro nachukua kalamu, naandika "wametoka, saa sita na dakika kumi", ili Saide akiita nimpe treni njia papo hapo. Alipoita, neno lilikuwa limeshakauka wino. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona ni ujanja, na niliupenda.

Ijumaa ile niliandika kama kawaida. Chaneli ilikuwa imejaa maneno ya behewa lililoacha reli huko bara. Dereva wa treni ya mizigo alikuja mwenyewe mpaka dirishani.

"Shefe, mkubwa wangu, leo unanilaza hapa?"

"Subiri genge litoke."

"Saa ngapi sasa? Nyapara wako si yuko msikitini huyo? Au leo amebadili dini?"

Tulicheka. Niliangalia saa, ilikuwa saa sita na dakika kumi na kitu. Niliangalia kitabu: wametoka. Maandishi yangu mwenyewe, mazuri, yamenyooka. Nikayaamini. Sikumwita Saide hata mara moja. Nilimpa dereva njia.

Siku ile Saide alikuwa amekuta kiungo cha reli kimelegea baada ya kona, bolti mbili hazipo. Alijua treni ya mchana inakuja. Akawaambia watu wake swala watailipa, kwanza wafunge bolti, maana treni ikipita hapo hivyo itaanguka. Kwa kuwa hajatoka, hakuita. Alifuata sheria neno kwa neno. Treni ilipotokea kwenye kona, dereva alifunga breki, watu wakaruka, na Saide na Amisse wakajaribu kukitoa kiberenge. Saide aliwahi kutoka. Amisse aliumia mguu. Hakufa mtu, na kwa muda mrefu sentensi hiyo, hakufa mtu, ndiyo niliyolalia.

Baraza la uchunguzi lilikaa stesheni kwangu siku tatu baadaye. Wazee watatu kutoka ofisi kuu, meza moja, kitabu changu katikati.

"Saide, uliita kusema umetoka?"

"Sikuita."

"Kitabu kinasema uliita. Saa sita na dakika kumi."

Saide alinigeukia. Hakukunja uso. Aliniangalia kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu.

"Bacar?" akauliza mmoja wa wazee.

Nikasema, "Kitabu ndicho hicho."

Maneno matatu. Ukiyapima, hata uongo hayamo, na huo ndio ulikuwa ujanja wangu wa pili. Saide aliachishwa kazi kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo na kuwarudisha watu wake relini. Alisaini barua kwa herufi kubwa, akakunja karatasi, akaja kuniaga. Aliuliza hali ya wadogo zangu mmoja mmoja kwa jina. Nilijibu. Akaondoka kwenda kwao Mucojo.

Wakati ule nilikuwa na jibu, na nililitumia miaka mingi. Zainabu yuko chuo cha ualimu, Momade yuko sekondari, mapacha wanakula kama nzige. Mimi nikifukuzwa, nani? Nilifanya kazi vizuri baada ya hapo, na sisemi hivyo kujisifu. Sikuandika tena neno kabla ya kulisikia. Vijana walionijia kujifunza niliwapiga marufuku hata kushika kalamu kabla genge halijaita. Wakaniona mtu wa sheria. Nilitajwa kwenye mikutano kama mfano, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Miaka ikapita, na redio za kidijitali zikaja. Mnazijua nyinyi kuliko mimi, kwa hiyo nitasema tu jinsi tulivyozipokea. Walikuja mafundi na maboksi, mnara mpya ukasimama, ile minyororo ya nyaya juu ya paa ikashushwa, na kunguru wakakosa kiti. Tulikusanywa hapo mji wa bandari kwa mafunzo ya wiki moja, wazee wote wa chaneli tukakaa madawati ya shule. Kila redio ina namba yake. Ukiitwa, jina linatokea kwenye kioo. Unaweza kusema na mtu mmoja na wengine wasisikie. Mkoromo hakuna: ama sauti ni safi kama mtu yuko mezani, ama hakuna kitu kabisa. Mwanzoni hilo lilitutesa. Zamani mtu akiwa mbali ulimsikia akififia, ukajua umsubiri. Hii inakata tu, ukabaki hujui kama amemaliza, amekasirika au ameanguka. Ushauri wangu kwenu ni huu: redio ya kidijitali ikinyamaza, usiijazie maneno. Ita tena. Ita mara kumi.

Siku ya tatu ya mafunzo mhandisi, kijana wa mji mkuu mwenye viatu visivyojua vumbi, alitufungulia kompyuta. Akabonyeza, tukasikia sauti ya mmoja wetu aliyoitoa asubuhi, pamoja na saa na namba ya redio yake.

"Kila wito unabaki," alisema. "Nani kaita, nani hakuita, dakika na sekunde. Kitabu hakina kazi tena ya kubishana na mtu."

Watu walipiga makofi. Mimi mikono iligoma. Dona Lurdes, aliyebakiza miezi michache astaafu, alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

"Ingekuwepo zamani hii," aliniambia polepole, "wewe leo ungekuwa wapi, menino?"

"Una maana gani, Dona?"

"Bacar. Chaneli moja, stesheni saba. Ulidhani sisi wengine viziwi?"

Sikuwahi kulifikiria, na hapo mnaweza kunicheka. Nimekaa nusu ya maisha yangu kwenye chaneli ambayo kila mtu anamsikia kila mtu, na nikaamini kuwa siku ile moja hakuna aliyesikia kwamba Saide hakuita.

"Waliniuliza," akasema. "Baraza lilinipigia simu. Nikasema kwangu kulikuwa na mvua, redio ilikoroma."

"Mwezi ule hakukuwa na wingu."

"Hakukuwa. Na wa stesheni ya tano naye alisema mvua, na wa sita naye. Mvua nyingi sana. Tuliambiana tumwache, ana wadogo zake."

"Na Saide je? Alikuwa na mke na watoto watano."

Alisubiri mhandisi afungue ukurasa mwingine.

"Hatukuwasikia wale," alisema. "Wadogo zako tuliwasikia kila asubuhi nyuma ya sauti yako. Wanalia, wanagombania uji, wewe unawanyamazisha huku umebonyeza kitufe. Wa Saide walikuwa Mucojo. Hawakuwa na redio."

Nimempigia simu kabla ya kuandika haya, kumwomba ruhusa. Alisema, "Niandike na mimi. Ile mvua iandike."

Lakini hata baada ya kuambiwa vile, nilifanya kazi miaka mingine kwenye redio zenu safi na sikumtafuta Saide. Mtu anayeitwa mwaminifu huzoea kuitwa hivyo. Nilistaafu mwaka huu, nikarudi Quionga, na nyumba ya nne kutoka kwangu nikamkuta Amisse.

Anatembea kwa fimbo. Minazi hapandi, anakaa chini anafua nazi wanazoangusha wengine. Aliponiona alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia waliokaa naye.

"Huyu ndiye Kaka Bacar, shefe wa redio. Siku ile watu wote walifichaficha. Huyu peke yake ndiye aliyeleta ukweli, akaweka kitabu mezani."

Kumbe hospitalini walimweleza hivyo: mjomba wako alisema mmetoka, akawaacha relini. Alikuwa ameamini, maana redio aliibeba mjomba mwenyewe na yeye hakusikia kilichosemwa humo, na hajasema na Saide tangu siku hiyo.

Nilimwambia Zainabu kwanza. Siku hizi ni mwalimu mkuu, anazungumza na kila mtu kama yuko darasa la tatu. Nilimweleza yote na nikamalizia na lile jibu langu la zamani, kwamba nilifanya kwa ajili yao.

"Kaka," akasema, "usituweke mbele yako kama ukuta. Hukutuuliza."

Kesho yake nikapanda gari la Palma.

Saide yuko Palma kwa bintiye tangu vita ilipowaondoa watu wa Mucojo. Anatengeneza baiskeli. Mikono ni ile ile. Nilimsalimu, akaniuliza wadogo zangu kwa majina, mmoja mmoja, na hapo tu nilitaka kugeuka nirudi. Nikasema nilichokwendea. Alikuwa anaziba mpira wa ndani, hakuacha.

"Mdogo wangu," alisema nilipomaliza, "kwangu hujaleta habari. Mimi nilikuwepo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia. Lakini mimi sikuhangaishwa na kazi. Kazi nilipata nyingine." Akatia mpira kwenye ndoo ya maji kuangalia kama unatoa mapovu. "Dada yangu alipofariki, mama yake Amisse, nilitembea mpaka Quionga. Nilitaka kuingia kaburini kumpokea. Ni dada yangu, tumbo moja. Amisse akasema hapana, asiingie mtu aliyeniacha relini. Nikasimama nyuma na wageni. Nikarusha udongo kama mpita njia."

Akautoa mpira kwenye maji, akaufuta.

"Sasa umekuja kumwambia anayejua," akasema. "Nenda kwa asiyejua."

Yote mliyosoma hapo juu nilimsomea Amisse Jumapili iliyopita, nyumbani kwake, tukiwa wawili. Nilitaka kumweleza kwa mdomo, lakini niliogopa mdomo wangu, unajua kuchagua. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mguu ndipo alipoinua mkono.

"Hapo umeandika 'aliumia'."

"Ndiyo."

"Ulivunjika mara mbili, juu ya goti na chini ya goti. Nililala hospitali miezi mitano. Andika."

Nimeandika. Nilipofika pale aliponisifu mbele ya watu, alinitazama mpaka nikapoteza mstari, nikarudia sentensi ile ile mara tatu. Nilipomaliza akailaza fimbo yake magotini.

"Umekaa kijijini hapa miezi minne," alisema. "Unakuja kunywa maji kwangu. Unanisikia nakusifu."

"Ndiyo."

"Unaitikia."

"Naitikia."

"Mimi nimemzuia mjomba wangu kaburi la mama." Sauti yake haikupanda. "Hilo utanilipaje, Kaka Bacar? Nikufukulie kaburi?"

Nyinyi mnaosoma msinitafutie jibu. Nimeshapeleka nakala ofisi kuu, na barua inayosema kwamba Saide hakutoa taarifa ya uongo, aliyeitoa ni mimi. Hawajajibu. Wakitaka kunifuata wanajua nilipo. Mkikaa na wazee wa reli mkasikia jina la Saide linatajwa vibaya, mna karatasi hii.

Amisse alinyoosha mkono.

"Namba ya mjomba unayo?"

Nikaipiga, nikampa simu yangu. Nilisikia ikiita mara tatu, kisha sauti ya Saide, kisha Amisse akasema, "Mjomba, shikamoo, ni Amisse," na akashindwa kuendelea. Akaniashiria mlango kwa fimbo. Nilitoka, nikakaa barazani kwenye rundo la makumbi ya nazi. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri. Sikuitwa.